Jina Moja, Nyumba Mbili

Msomaji mwenzangu, leo nataka kuungama kosa. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakanirudisha nyumbani, na tangu hapo naandika riwaya isiyokwisha. Riziki naipata kwa kutunza kompyuta katika ofisi moja ndogo mjini Moshi, si mbali na mnara wa saa.

Mwaka 2022 tulipata kazi iliyonifurahisha sana: kukusanya mazungumzo ya wazee wa Kibosho, Uru na Marangu. Walieleza mifongo ilivyochimbwa, maji yalivyogawanywa kwa zamu, na kahawa ilivyoingia kwenye vihamba katikati ya migomba. Mimi ndiye niliyepanda daladala na kinasa sauti, mimi ndiye niliyechapa. Kisha sauti nikazifuta ili nipate nafasi ya kurekodi wengine.

Maandishi tuliyaweka katika Elasticsearch, programu ya kutafutia maneno iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2010. Ukiandika "mfongo", inakuletea kila mzee aliyelitamka neno hilo. Mashine zilikuwa tatu zikifanya kazi kama moja, kila moja na fungu lake. Kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu, nikazima zile nakala ambazo mashine hutunziana. Nikajipa moyo: si tutakuwa na hifadhi ya akiba?

Sasa, hifadhi hiyo ina sharti. Lazima iwe mahali pamoja panapofikiwa na mashine zote, na mahali hapo paandikwe katika faili la mipangilio la kila mashine, kwenye mstari wa path.repo. Unapoisajili, mashine kiongozi huandika kijifaili cha majaribio, na wenzake wanatakiwa wakione. Ya tatu haikukiona. Ikanijia lawama ndefu kwenye skrini. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, mvua ya masika inanyesha, bosi ameshika kufuli. Nikaisajili upya kwa kuamuru uhakiki usifanyike. Bwana we, ikakubali! Na kila usiku ikaripoti kwamba imefaulu.

Kumbe mashine ya tatu ilikuwa na folda yenye jina lile lile, ila ndani ya diski yake yenyewe. Nilisahau kuiunganisha na folda ya pamoja. Akiba yake ilikuwa ikiiweka mfukoni mwake.

Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, diski ile ikafa. Ikafa na fungu lake, ikafa na akiba yake. Na programu haikuwa imegawa kwa vijiji, ilitawanya. Karibu theluthi ya mazungumzo ikatoweka hapa na pale, kama kitabu kilichochanwa kurasa.

Kurekebisha kulichukua alasiri moja tu. Nikaunganisha folda ya pamoja kwenye mashine zote, nikahakikisha mtumiaji wa programu ana namba ile ile kote ili ruhusa ya kuandika isigome, nikaita uhakiki. Zote tatu zikaitika. Halafu nikafanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza: nikarejesha nakala kwa jina jingine, nikaisoma.

Kilichobaki kilikuwa kupanda tena mlimani.

"Shikamoo, bibi," nilimwambia mama mmoja wa Uru.

"Marahaba, mjukuu wangu. Umesahau nini tena?"

Nikamweleza. Akanitazama kwa huruma. "Sisi tukifungua maji kule juu, hatusemi yamefika. Mtu anateremka mpaka kihamba cha mwisho, anatazama."

Akanisimulia yote upya, hata na mengine.

Kibosho nilikuta kaburi jipya kando ya migomba. Mzee yule alinipa saa mbili za maisha yake, nami sikumbuki hata robo. Ninayoyakumbuka nimeyaandika kwa kalamu, kwenye daftari la riwaya yangu. Lakini nikiyasoma, simsikii yeye. Najisikia mwenyewe.