Klaksoni kubwa kwenye pikipiki yangu

Klaksoni iliyokuja na pikipiki yangu kutoka kiwandani ililia kama kifaranga. Kati ya Butembo na Beni, kwenye kona za Kabasha na Maboya, dereva wa lori hakuisikia. Siku moja nilikaribia kusukumwa mtaroni, nikaenda kwa fundi.

Aliniambia klaksoni kubwa inakula umeme mwingi. Ukiiunga kwenye waya za zamani, kitufe kitaungua. Akaweka rele na fizibu, na waya mnene kutoka bateri ya volti 12. Malori yakaanza kunipisha.

Jioni moja niliingia Beni, nikaipiga kwa mazoea karibu na nyumba zinamokaa familia zilizokimbia vita. Watoto waliingia ndani mbio. Mama mmoja akatoka na mtoto mgongoni, kifurushi mkononi, tayari kukimbia. Aliponiona akakaa chini.

“Mtoto wangu, kwetu filimbi na sufuria zikilia usiku, ni kusema waasi wamefika. Hatuulizi mara mbili.”

Nilimwomba msamaha.

Klaksoni sikuitoa, maana barabarani inaniokoa. Lakini fundi amenirudishia na ile ndogo, pamoja na swichi ya kuchagua. Kwenye kona za njiani napiga kubwa. Mjini napiga ndogo. Giza likiingia, napunguza mwendo tu.

Wamotari wenzangu, tufanye hivyo. Kelele ndiyo inatuamsha hapa kwetu. Tukiwazoesha watu kelele za bure, siku ya hatari ya kweli nani ataamka?