Kidole Kinafunguka Lakini Hakifungi? Usinunue Pampu Bado

Nitasema kitu na mafundi wengine watanikasirikia. Mashine nyingi nilizoona zimelala porini huku kwetu hazikulala kwa sababu ya ubovu mkubwa. Zililala kwa sababu mtu aliagiza spea kabla ya kuuliza swali.

Najua wengi wenu mko Nairobi, Mombasa au Garissa, na mkisikia Lafey mnafikiria habari za saa tatu usiku tu. Sawa. Leo wacha niwapeleke Lafey ya mashine.

Kaunti ya Mandera ina mto Daua kule kaskazini, mpakani na Ethiopia. Lafey hatuna mto wa kudumu. Tunategemea visima na mabwawa ya kuchimbwa, yale tunaita silanga. Mvua ikinyesha, maji yanaingia na tope pia linaingia. Kila msimu silanga inazidi kuwa sahani badala ya sufuria. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu 5 ya mvua ilifeli mfululizo huku kaskazini. Halafu mwisho wa 2023 El Niño ikaja na mafuriko. Kama silanga yako ilikuwa imejaa tope, hayo maji uliyaangalia tu yakipita.

Kwa hivyo eskaveta ikikwama wiki moja kabla ya Deyr, yaani mvua ya Oktoba mpaka Desemba, hiyo si shida ya mwenye mashine peke yake. Ni shida ya kila mwenye mbuzi hapo.

Sasa, kidole. Eskaveta ndogo ina ndoo ya kuchimba mbele. Ndoo peke yake inachota, haishiki. Ukitaka kung'oa kisiki cha mathenge au kuinua jiwe, unafunga kipande cha chuma mkabala na ndoo, kinachobana kama kidole gumba chako. Kinaitwa hivyo hivyo, kidole. Kinasukumwa na silinda yake, na hiyo silinda inapata oili kutoka kwa laini ya ziada ya haidroliki, laini ile ile ambayo siku nyingine inaendesha nyundo ya kuvunja mawe.

Shikilia hiyo sentensi ya mwisho. Iko na jibu ndani.

Nyundo inahitaji oili iende upande mmoja tu: inaingia kwa paipu moja na kurudi moja kwa moja kwenye tangi kwa paipu ya pili. Kidole kinahitaji pande mbili. Ukikifunga, oili inaingia nyuma ya silinda. Ukikifungua, inaingia mbele. Ndiyo maana mashine nyingi zina vali ndogo ya kuchagua: upande mmoja kazi ya nyundo, upande mwingine kazi ya kidole. Ikibaki kwa nyundo, kidole kitakwenda upande mmoja kama kawaida. Ukijaribu kukirudisha, oili inajitafutia njia rahisi, inakimbilia tangi, na silinda haipati presha yoyote. Oili ni kama mbuzi wa jioni, ukiiachia njia inaenda nyumbani.

Nimeona hii kwa macho yangu. Kulikuwa na silanga moja ambayo mdomo wake, pale maji yanaingilia, ulikuwa umezibwa na mawe na mathenge. Kidole kinafunguka, lakini kufunga hakitaki. Mwenye mashine yuko mjini kwa simu, na ameshatoa hukumu: "Hiyo ni pampu. Wacha niagize." Pampu ya haidroliki ni pesa ya ngamia kadhaa, na spea ikitoka Nairobi kuja huku unahesabu siku.

Dereva, mzee tunayemwita adeer kama baba mdogo, hakubishana na simu. Aliuliza tu, "Hii mashine jana ilikuwa kazi gani?" Tanboi akajibu, "Ilikuwa inavunja mawe, adeer." Mzee akashuka, akafuata paipu kwa macho mpaka kwa vali, akaigeuza na spana. Kidole kikafunga. Pampu ilikuwa nzima siku zote.

Mimi nilikuwa hapo na simu yangu ya kurekodi, na nikajifunza kitu ambacho sikukisikia darasani: mpangilio wa maswali. Tangu hapo nimewasumbua mafundi wengi wanieleze wao wanaanza wapi. Nimeupanga hivi.

Kwanza, je, sehemu zingine zina nguvu? Inua mkono, kunja ndoo, zungusha kabini. Kama zote zinafanya kazi vizuri, basi pampu kuu haiwezi kuwa mshukiwa wako wa kwanza. Swali hili ni la bure na linaokoa pesa nyingi.

Pili, kidole kimekufa pande zote mbili au upande mmoja? Upande mmoja, anza na ile vali ya kuchagua. Pande zote, angalia kama zile vali ndogo za kufungia kwenye mkono wa mashine ziko wazi. Halafu angalia kopla, zile za kuunganisha paipu kwa haraka. Kopla ambayo haijaingia mpaka mwisho inaweza kuonekana imeshika kumbe ndani imeziba. Na ikikataa kuingia, usiipige nyundo. Kuna presha imebaki ndani. Zima injini, rudisha ufunguo kwenye "on", cheza na swichi ya kidole pande zote ili presha itoke, kisha jaribu tena. Kitabu cha mashine kitakuonyesha njia ya mashine yako.

Tatu, umeme. Kwa mashine nyingi za siku hizi, ile roli ndogo kwenye joistiki ni swichi tu. Inatuma umeme kwa solenoidi, na solenoidi ndiyo inafungulia oili njia. Fyuzi moja ikiungua, kidole kinakufa na mashine nyingine yote iko sawa. Angalia fyuzi. Angalia waya zilizokatwa na miiba. Huku vumbi linaingia kila mahali, kwa hivyo fungua soketi za waya uzisafishe.

Nne, kidole kinafunga lakini hakina nguvu, jiwe likitikisika linaachiliwa. Hapo ndio silinda yenyewe inaulizwa. Kifunge kidole mpaka mwisho, zima injini, toa presha. Fungua paipu ya upande wa mbele wa silinda, ziba hiyo paipu, weka ndoo chini ya tundu lililobaki. Watu wasimame mbali. Washa, piga presha ya kufunga kidogo. Oili ikiendelea kumiminika, inavuka ndani ya silinda: sili zimeisha. Sili unaweza kuletewa kwa bahasha kwenye basi. Tundu likikaa kavu, silinda ni nzima, rudi nyuma kwa vali. Na hapo sasa tafuta fundi mwenye geji ya presha, kwa sababu kuanzia hapo kubahatisha ni kuchoma pesa.

Kitu kimoja siwezi kuacha. Usitafute oili inayovuja kwa kidole chako. Presha ya hizi laini mara nyingi inafika bar 200 na zaidi. Silinda yenye upana wa ndani wa sentimita 6, kwa bar 200, inasukuma na nguvu ya zaidi ya tani 5. Presha hiyo hiyo ikitoka kwa tundu dogo kama la sindano inapenya ngozi. Utaona alama ndogo kama umeumwa na mbu, hata haiumi sana mwanzoni, halafu unaweza kupoteza mkono. Tumia kipande cha katoni kupitisha karibu na paipu. Na mtu akipigwa na oili, ni hospitali saa hiyo hiyo, mwambie daktari ni oili ya presha. Usingoje ivimbe. Hawa vijana wa mkono tunaowatuma "hebu shika hapo uone kama inavuja" ni watoto wa watu.

Mnajua niliacha chuo. Kila nikiandika kitu kama hiki kuna mtu anataka niseme shule ni bure. Siwezi. Hesabu ya tani 5 niliyoandika hapo juu ni fizikia ya darasani, presha mara eneo. Lakini darasani hakuna aliyenipa mashine iliyokataa na mwenye mashine anayepiga kelele kwa simu. Adeer naye hajui kuandika hiyo fomula, lakini anajua kuuliza jana kulikuwa na kazi gani. Anayeweza vyote viwili ndiye tunamhitaji huku, na sielewi kwa nini lazima awe mtu wa kutoka Nairobi.

Kama una ndugu anaendesha mashine, mtumie hii. Na mwambie anunue rangi kidogo, mkebe mdogo tu. Kwa ile vali apake alama mbili: moja ya nyundo, moja ya kidole. Dereva wa kesho hatahitaji hata kuuliza.