Neno Lipandalo Ngazi

Walimu wa lugha tumezoea kuyabeza mambo yanayokaririwa. Mwanafunzi ahesabuye moja hadi kumi bila kutua, au atajaye siku za juma kwa mkupuo mmoja, twasema kwamba amekariri tu, wala hajajua lugha. Ugonjwa wa shangazi yetu umetufundisha kuyatazama hayo kwa jicho jingine.

Shangazi ni mzaliwa wa Biryogo, mtaa wa Kigali ambao Kiswahili kilisemwa majumbani na madukani miaka mingi kabla ya mwaka 2017, Rwanda ilipokitia miongoni mwa lugha zake rasmi. Kwake ndiko tulikojifunza lugha hii tunayoifundisha. Alipopatwa na kiharusi, mkono na mguu wake wa kulia vililegea, na usemi ukampotea. Hatari ilipopita, alipelekwa Gatagara, karibu na Nyanza, katika hospitali iliyotokana na kituo alichokianzisha Padri Joseph Fraipont Ndagijimana mwaka 1960 kwa ajili ya watu wenye ulemavu.

Tulipokwenda kumjulia hali, tulimtolea salamu mlangoni. "Waalaykumu salaam!" akajibu papo hapo, kwa sauti safi. Lakini tulipomwuliza ameamkaje, midomo ilicheza, neno lisije. Baadaye tulimwona katika mazoezi, akijikokota kati ya vyuma viwili vya kushikia. Mtaalamu alihesabu hatua, naye akihesabu pamoja naye hadi kumi bila kuruka hata moja.

Alipopumzika, mgeni mmoja alimwuliza ana wajukuu wangapi. Kimya. Binamu yetu akataka kumjibia, kama alivyokuwa akifanya tangu asubuhi, tena kwa sauti ya kumbembelezea mtoto mchanga. Shangazi akainua mkono wake wa kushoto kumzuia. Kisha akagonga goti lake taratibu: "Moja, mbili, tatu, nne, tano." Akatua, akatutazama sote. "Tano," akasema. Nao ni watano kweli.

Hali hiyo huitwa afasia. Mwaka 1861, mjini Paris, daktari Paul Broca alieleza habari za mgonjwa ambaye karibu neno pekee aliloweza kulitamka lilikuwa "tan", ingawa aliyaelewa mengi aliyoambiwa. Baada ya kifo chake, ubongo wake ulionekana umeharibika sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Kwa watu wengi upande huo ndio utawalao usemi, na ndio uamrishao viungo vya kulia. Kwa hiyo mara nyingi mkono wa kulia na usemi hupotea pamoja. Hata hivyo salamu, hesabu, sala na nyimbo zilizozoewa huweza kusalia, kwa kuwa hutoka kama mnyororo uliokwisha kuungwa, ilhali sentensi mpya hudai kuungwa pete kwa pete.

Basi yale tuyaitayo makariri ndiyo yaliyokuwa ngazi ya shangazi. Neno "tano" peke yake lilikuwa juu mno; alilifikia kwa kuanzia chini. Na akili yake haikupungua hata chembe. Amjibiaye mgonjwa wa namna hii, hata kwa huruma, humwondolea ngazi angali anapanda.

Wenzetu walimu mtakaokwenda kuwatazama wagonjwa kama hawa, zungumzeni nao kama watu wazima, mmoja baada ya mwingine, na swali likishaulizwa, nyamazeni. Saa ya kuagana ilipowadia, tulimwuliza shangazi angependa turudi siku gani. Akaanza: "Jumamosi, Jumapili, Jumatatu..." Safari hii hata binamu alifunga kinywa. Shangazi akapanda polepole hadi Alhamisi, akasimama hapo.

Tutakwenda Alhamisi.