Diski ya tatu inakaa kwa shemeji

Hapa Kagongwa umeme ukiyumba, kompyuta nazo huumia. Ndiyo maana ile ya kuhifadhia picha za familia niliiongezea diski ya pili, ya terabaiti 2 kama ya kwanza. Kinachoingia kwenye moja kinanakiliwa papo hapo kwenye nyingine. Moja ikifa, nyingine ipo. Nikalala usingizi.

Juzi mwanangu wa miaka 9 alitaka nafasi ya katuni, akafuta folda "ya zamani". Humo mlikuwa na video za marehemu mama mkwe akiwasimulia wajukuu hadithi kwa Kisukuma. Nikakimbilia diski ya pili. Nayo tupu! Inaiga kila kitu, hata kufuta.

Sikumchapa, kosa lilikuwa langu. Shemeji wa Kahama alikutwa na kipande cha dakika 4 kwenye simu yake. Basi.

Sasa tuna diski ya tatu. Mwisho wa mwezi tunaichomeka, tunanakili, tunaichomoa, kisha inapanda daladala kwenda kukaa kabatini kwa shemeji. Mwanangu ndiye anaandika tarehe daftarini. Jumamosi aliniuliza, "Mama, na wewe umesharekodi hadithi?"

Bado.