Saa Iliyopanda Mlima Ikiwa Mezani

Kuna kazi ambazo ukizitaja mbele ya watu wa Mazimbu watakucheka mpaka wakae chini. Ya kwanza ni kuandika riwaya. Ya pili ni kujaribu programu za saa ya mkononi. Mimi, ndugu msomaji, ninazifanya zote mbili, na zote mbili hazijanilipa hata senti tano. Elimu yangu ni ya kidato cha nne. Riwaya yangu imefika sura ya sita na imekwama hapo tangu masika.

Saa yenyewe nililetewa na mjomba aliyeko Muscat. Si mpya, mkanda wake umeshapauka. Ni zile saa za wanamichezo zinazopokea mawimbi ya setilaiti za GPS, zikakuambia umekimbia umbali gani, kwa kasi gani, na umepanda kilima kiasi gani. Kampuni iliyoitengeneza iko ng'ambo, jina lake silitaji kwa kuwa sina ugomvi nayo. Kila baada ya muda kampuni hiyo hutengeneza programu mpya ya saa zake, na kabla ya kuigawa kwa kila mtu huitoa kwanza kwa wachache waliojitolea. Toleo hilo huitwa beta, yaani toleo la majaribio. Unalipakua kwa simu, unaliingiza kwenye saa, unaishi nalo. Likikuharibia kumbukumbu zako, shauri yako. Hilo wanakuonya mapema na wewe unabonyeza kukubali. Kazi yako ni kuwaandikia mambo matatu: ulifanya nini, ulitegemea nini, na kilitokea nini.

Mama yangu, ambaye anauza vitumbua, nilipomweleza habari hiyo aliuliza swali moja.

"Na bando unanunua wewe?"

"Nanunua mimi, mama."

"Na wao wanakulipa nini?"

"Hawalipi."

Akageuza vitumbua vyake kimoja kimoja bila haraka. "Haya baba. Endelea kuwasaidia."

Neno lile lilinikaa. Nimejaribu kulijibu kwa muda mrefu, na makala hii ni sehemu ya jibu.

Mtu anaweza kuuliza: saa ikishatoka kiwandani, programu mpya ya nini? Nami niliuliza hivyo hivyo. Kumbe setilaiti hizi nazo zina kalenda yao. GPS ilianza kuhesabu wiki tarehe 6 Januari 1980, na hesabu yake ya asili ina nafasi ya wiki 1,024 tu, yaani miaka kumi na tisa na miezi kadhaa. Zikijaa, hesabu inarudi sifuri. Ilirudi sifuri mara ya kwanza Agosti 1999. Mara ya pili ilikuwa usiku wa tarehe 6 Aprili 2019; kwetu Tanzania ilikuwa inakaribia saa tisa za usiku, tayari tarehe 7. Kifaa ambacho programu yake haikurekebishwa kiliweza kuamka asubuhi kikidhani ni mwaka 1999.

Mwenyeji wa Mazimbu akisikia tarehe 6 Aprili hashtuki kwa sababu ya setilaiti. Siku hiyo mwaka 1979 kijana Solomon Mahlangu alinyongwa Pretoria. Hapa kwetu, kwenye ardhi iliyokuwa shamba la mkonge, chama cha ANC kiliwajengea shule vijana waliokimbia Afrika Kusini baada ya Soweto ya 1976, na shule ile ikapewa jina lake. Mwaka 1992 majengo yakakabidhiwa kwa Tanzania, na sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, bado kwa jina la Mahlangu. Makaburi ya waliofia hapa yapo, na tarehe zake zimeandikwa. Basi miaka arobaini kamili, siku kwa siku, baada ya kijana yule kunyongwa, saa za dunia zilisahau hesabu zikaanza moja. Sisemi kuna uhusiano, ni sadfa tu. Lakini nilipoijua nilielewa kwamba hata mtambo ulioko angani, kilomita elfu ishirini juu yetu, unahitaji mtu wa kuukumbusha.

Sasa nije kwenye meza.

Saa yangu inapima kimo kwa kipimahewa, barometa ndogo iliyo ndani yake. Ukipanda, mgandamizo wa hewa unapungua, na saa inageuza upungufu huo kuwa mita. Siku moja nilipokwenda Morningside, kule kwenye nyumba ya enzi za Wajerumani juu ya mji, ilifanya kazi vizuri. Lakini toleo moja la majaribio lilipokuja, niliivua saa saa nne asubuhi nikaiweka mezani, mimi nikaenda sokoni. Niliporudi saa kumi jioni ilikuwa imeandika kwamba imepanda mita ishirini na saba. Yaani saa ilikuwa imepanda mlima huku imelala juu ya kitambaa cha meza! Nikarudia kesho yake, na kesho kutwa. Ni yale yale, mita ishirini na kitu hadi thelathini, na usiku ikashuka tena.

Sikuwa na mwalimu, nikatafuta mwenyewe kwenye simu. Kumbe katika nchi zetu za joto hewa ina kujaa na kupwa kama bahari. Kila siku mgandamizo unapanda mara mbili, mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku, na unashuka mara mbili, mnamo saa kumi jioni na saa kumi alfajiri. Kule Ulaya mwendo huo upo lakini ni mdogo, tena unafunikwa na dhoruba zinazokuja na kuondoka. Huku kwetu unaonekana wazi kabisa. Toleo lile lilikuwa limeacha kutofautisha hewa inayobadilika yenyewe na mtu anayepanda kilima. Aliyelijaribu kwenye meza ya Ulaya asingeliona kwa urahisi. Wa kuliona alikuwa mtu wa huku, mwenye meza na jioni yake.

Niliwaandikia. Kiingereza changu ni cha kuunga, lakini namba hazina lafudhi. Wiki chache baadaye toleo jingine lilikuja, na saa ikikaa mezani inakaa mezani. Kama ni kwa ajili ya barua yangu au ya mwingine, hawakusema. Nilimwambia mama. Akasema, "Kwa hiyo wamekubali kwamba meza yetu haitembei." Nikaona ameanza kuelewa, ingawa swali la bando alikuwa hajalisahau.

Lililobaki ndilo zito, ndugu msomaji, nalo linamhusu mdogo wangu.

Mdogo wangu anakimbia. Si kukimbia kwa kupunguza tumbo kama baadhi yetu, anakimbia kutafuta maisha. Katika nchi hii mkimbiaji akipokelewa kwenye timu ya jeshi, polisi au magereza huwa amepata na ajira. Alphonce Simbu, ambaye tarehe 15 Septemba 2025 kule Tokyo aliipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha, ni askari wa JWTZ. Siku ile yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48. Kilichowatenganisha ni picha ya mstari wa mwisho na sekunde 0.03. Mdogo wangu aliitazama picha ile kwenye simu mpaka chaji ikaisha.

Kocha mmoja alikuwa amemwambia: leta kilomita kumi chini ya dakika 31, tutazungumza. Akaniazima saa. Ikamrudisha nyumbani na dakika 30 na sekunde 48. Kelele zilizopigwa siku ile nyumbani! Mama alianza kuhesabu fedha za nauli siku hiyo hiyo.

Mimi nilikaa kimya, kwa sababu nilikuwa na daftari. Kila toleo linapokuja hulipima kwenye kilomita moja ninayoijua. Fundi ujenzi jirani yetu aliniazima futikamba ya mita hamsini, tukaivuta mara ishirini kando ya barabara, alfajiri kabla pikipiki hazijaanza, nikaweka alama kwa chokaa. Toleo la zamani lilisoma kilomita ile kuwa mita 1,006. Hili jipya lilisoma 1,020, mara kumi nilizopita, na sana sana pale penye miti mikubwa. Mawimbi ya setilaiti yanakwenda kwa mwendo wa mwanga. Saa ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, imekosea mita mia tatu. Chini ya miti wimbi linagonga huku na huku kabla ya kufika, na programu ndiyo inayoamua liaminiwe au litupwe. Toleo hili lilikuwa linaamini kila kitu.

Piga hesabu nami. Saa iliposema kilomita kumi, mdogo wangu alikuwa amekimbia mita 9,800 hivi. Mita mia mbili zilizobaki, kwa kasi yake, ni kama sekunde 38. Muda wake wa kweli ulikuwa dakika 31 na sekunde 26.

Nilizunguka nyumba mara mbili kabla ya kumwambia. Ningeweza kunyamaza, akaenda na furaha yake, kocha akampima kwa mkono na barabara iliyopimwa, akaaibika mbele ya watu. Mbio za barabarani zinazotambuliwa hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio, na huongezwa mita moja kwa kila kilomita ili njia isije ikawa fupi. Hawatazami saa ya mtu.

Nikamwekea daftari mbele. Akasoma. "Kwa hiyo saa imenidanganya?"

"Saa imekosea, mdogo wangu. Ni toleo la majaribio."

"Na mimi?"

Sikuwa na jibu. Siku mbili hakusema nami. Mama alizirudisha fedha za nauli kwenye kopo bila kuuliza. Siku ya tatu, saa kumi na moja alfajiri, akagonga dirisha langu. "Kaka, nionyeshe chokaa inaanzia wapi."

Tangu siku ile anakimbia kwenye kilomita yetu, kwenda na kurudi, mara kumi, na mimi nashika muda wa simu. Juzi amekimbia dakika 31 na sekunde 9. Nami usiku ule ule nilirudi kwenye sura ya sita, nikaisoma kama ninavyosoma toleo jipya: nilitaka nini, kimetokea nini. Nilitoa kurasa nne. Mama akaona taa bado inawaka, akasema kwa sauti ya chini, "Hiyo nayo hailipi," kisha akaniachia chai mlangoni.

Kocha anakuja mwezi ujao. Sekunde tisa zimebaki. Basi wewe msomaji, kama unapita Mazimbu alfajiri ukaona mistari ya chokaa kando ya barabara, usiifute. Bado tunaitumia.