Mpe Kitabu, Usimpe Mtihani

Kwenye familia yetu mimi ndiye "yule wa vitabu." Jumamosi nikienda maktaba ya Northtown hapa Blaine, mashangazi wananikabidhi watoto wao twende pamoja. Agizo huwa ni lile lile: "Mtafutie cha Kiswahili, huyu lugha inampotea." Nawaelewa kabisa. Nyanya akipiga simu kutoka Mombasa, watoto wanasalimia, halafu kimya. Simu inarudishwa kwa mama.

Lakini hebu tuseme ukweli. Kwa wengi wetu Kiswahili ni lugha ya kuambiwa: oga, kula, weka simu chini, umenisikia? Binamu yangu wa miaka 13 anaiita "lugha ya kugombezwa." Sasa mtoto kama huyo ukimletea riwaya nzito na kumwambia ni lazima, ataona amepata mgombezaji mwingine. Na huyu wa sasa ana kurasa 200.

Kwa hiyo siulizi yuko darasa la ngapi. Nauliza: filamu gani umeiangalia zaidi ya mara moja? Unapenda kucheka, kuogopa, au kulia? Jibu ndilo linaniambia tuelekee rafu gani. Na siogopi kuanza na Kiingereza, mradi hadithi yenyewe inatugusa sisi.

Asiyependa maandishi mengi, nampa *When Stars Are Scattered*, riwaya ya katuni ya Victoria Jamieson na Omar Mohamed, iliyotoka 2020. Ni maisha ya Omar mwenyewe na mdogo wake Hassan kwenye kambi ya Dadaab, Kenya. Hapa Minnesota kuna watoto ambao wazazi wao walipitia kambi hiyo hiyo. Wakiisoma, maswali hayaishi siku hiyo, na maswali hayo wanaenda kumuuliza mama.

Anayetaka mbio na hatari, kuna *Golden Boy* ya Tara Sullivan (2013). Habo, kijana mwenye ualbino, anamkimbia mwindaji kutoka Mwanza mpaka Dar es Salaam. Wa miaka 14 kwenda juu, *City of Saints & Thieves* ya Natalie C. Anderson (2017): Tina, msichana mkimbizi kutoka Kongo, anaingia genge la wezi Kenya huku akimsaka aliyemuua mama yake. Hiyo isome wewe kwanza, maana ina mambo mazito.

Kiswahili nacho? Kinakuja, ila kwa ngazi. Kwa wadogo, African Storybook iko bure kwenye intaneti, hadithi fupi zenye picha, na nyingi ziko kwa Kiswahili. Halafu kuna *Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2015. Uzuri wake ni kwamba mtoto akiwa ameshaijua hadithi ya Alice kwa Kiingereza, hapotei. Neno likimshinda, anajua tayari sungura anakimbilia wapi, basi anaendelea.

Mkubwa kidogo, na awe na mtu wa kusoma naye: *Siku Njema* ya Ken Walibora, ya 1996. Kongowea Mswahili anatoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Wazazi wengi waliosoma sekondari Kenya wanaikumbuka. Hapo ndipo penye utamu: mwombe mama au baba asome ukurasa mmoja kwa sauti jioni. Kiswahili cha Walibora ni kigumu, kimejaa methali, na wengi wetu masikio yetu ni makali kuliko macho. Tunaelewa tukisikia, tunakwama tukisoma. Na siku hiyo mzazi anatumia Kiswahili bila kumtuma mtu jikoni.

Kitabu kisipokuwepo kwenye rafu, usikate tamaa. Mwendee mkutubi, mwambie jina la kitabu na la mwandishi, umwombe akitafute kupitia MNLINK, mtandao ambao maktaba za Minnesota huazimana vitabu. Fanya hivyo ukiwa na mtoto mwenyewe pale kaunta. Aone kwamba kitabu cha Kiswahili kinaombwa kama kingine chochote, tena kwa sauti ya kawaida, bila aibu.

Jambo la mwisho, kwa mashangazi hasa: asipokipenda, mwacheni akirudishe. Msimuulize amefika ukurasa wa ngapi. Muulizeni tu huyo Habo amefika wapi, kisha mkae msikilize. Akichanganya lugha mbili akiwasimulia, msimsahihishe. Anasimulia, na hicho ndicho tulichokuwa tunakitafuta.