Jiwe la Shinkolobwe na mifupa ya yaya wetu

Kwetu Katanga neno «nyukilia» huamsha kwanza jina la Shinkolobwe. Watoto wetu shuleni wanajua kwamba urani iliyochimbwa pale iliingia katika bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Wachache wanajua kwamba, zaidi ya miaka ishirini kabla ya bomu, jiwe hilo lilikwisha kuanza kuwahudumia wagonjwa. Tangu 1922, kiwanda cha Olen, kule Ubelgiji, kilitoa radiumu katika madini ya Shinkolobwe, na kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya radiumu ya dunia ilitoka huko. Katika muongo huo huo, mjini London, mganga mpasuaji Geoffrey Keynes alianza kuingiza sindano za radiumu ndani ya titi lenye kansere, ili mwanamke asikatwe titi lote.

Tunayakumbusha hayo kwa sababu mwaka jana neno hilo liliingia nyumbani mwetu. Yaya wetu, mwalimu mstaafu, alikuwa ametibiwa kansere ya titi miaka minne kabla. Kiuno kikaanza kumuuma, naye akasema ni uzee. Mganga hakukubali, akaomba picha ya mifupa kwa dawa ya nyukilia. Jamaa wakagawanyika. Mjomba mmoja aliuliza kama tunataka kumtia bomu mwilini. Mwingine akasema, kwa sauti ya chini, kwamba ugonjwa ukiisha kufika mfupani, fedha ni za kutupa. Neno hili la pili lilitusumbua kuliko lile la kwanza.

La kwanza hujibiwa kwa hesabu ya darasa la sita. Dawa inayotumika huitwa teknesiamu, na nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya saa sita. Aliyedungwa leo asubuhi, kesho saa ile ile amebakiwa na chini ya sehemu moja ya kumi na sita. Dawa hiyo hufungamanishwa na kitu cha jamii ya fosfati ambacho mfupa hukipokea kwa urahisi. Mgonjwa hungoja saa mbili au tatu, akinywa maji na kwenda haja ndogo, kisha hulala chini ya kamera ya gama. Kamera yenyewe haitoi miale yoyote. Hupokea ile inayotoka mwilini mwa mgonjwa. Pale ambapo mfupa unahangaika kujijenga upya kwa sababu ya uvimbe, dawa hukusanyika, na picha huonyesha doa jeusi. Tena doa si hukumu: mvunjiko wa zamani au kiungo kilichochakaa huweza kutoa doa pia, na mara nyingi waganga huomba picha nyingine kabla ya kusema neno.

Lakini kule kupungua upesi kunakomlinda mgonjwa ndiko kunakotunyima dawa sisi tulio mbali. Haiwekwi akiba. Hospitali huletewa chombo chenye molibdeni, inayopungua nusu kila saa 66, na humo hukamuliwa teknesiamu asubuhi kwa asubuhi; wenye kazi hiyo hukiita ng'ombe. Baada ya wiki moja au mbili ng'ombe amekauka, na ndege lazima ilete mwingine. Inashangaza kwamba Kinshasa ndiyo iliyopata mtambo wa kwanza wa nyukilia katika Afrika yote, mwaka 1959, katika Chuo Kikuu cha Lovanium, chini ya Monsinyori Luc Gillon, padri na mwanafizikia. Mtambo ulioufuata umesimama kwa miaka mingi. Sisi, watoto wa nchi ya urani, tulimpeleka yaya wetu Dar es Salaam kwa basi, kupitia Kasumbalesa na Tunduma, tumemwekea mito kiunoni.

Madoa yalikuwa kwenye uti wa mgongo, nyonga na mbavu mbili. Mganga alitaka kuzungumza nasi kando kwanza. Yaya akatukatiza: «Wadogo zangu, mifupa hiyo ni ya nani? Leteni niione.» Aliishika picha kama daftari la mwanafunzi, akayahesabu madoa moja moja, kisha akauliza linalofuata ni nini.

Kwanza zilifuata dawa za homoni na za kuimarisha mifupa. Maumivu yalipozidi, waganga walimdunga strontiamu. Kitu hicho hufanana na kalsiamu, na mfupa hukipokea kana kwamba ni chakula chake, hasa pale penye ugonjwa. Miale yake haifiki mbali, huchoma hapo hapo. Waganga hawakutuficha kitu. Dawa hii haiponyi kansere. Siku za mwanzo maumivu huweza kuongezeka, nafuu huchukua wiki kadhaa, na chembe za damu hupungua, kwa hiyo damu hupimwa kabla na baada.

Je, fedha zilitupwa? Jamaa aliyesema hivyo bado hajabadili neno lake, nasi hatukumlazimisha. Sisi tulilala chumba cha pili, tukamsikia yaya akilia usiku miezi mitatu mfululizo. Katika wiki ya nne baada ya sindano alilala hadi jogoo wa jirani. Siku hizi anaketi kwenye kiti cha mgongo mrefu na kuwafundisha watoto wa komunyo ya kwanza, na anawagombeza kama zamani. Mwezi ujao mganga anataka kumwona tena. Mito tumekwisha kuifua.